Kirutubisho au Kichocheo? Majina Yanayoficha Hatari ya Poda za Mazoezi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa wanaochagua wachumba kwa kutazama sura pekee. Hata hivyo, katika zama hizi inaafiki pia bidhaa ambazo zimeingia kwa kishindo katika jimu za mijini na katika mabweni ya vyuo vikuu nchini Kenya: mikebe ya poda na chupa za vidonge ambavyo mnunuzi huahidiwa kwamba vitamwondolea kitambi na kumjengea misuli katika muda wa majuma machache. Mlango wa nyumba hii umepambwa ukapambika. Kwenye lebo pana picha ya kijana aliyetunisha kifua, na kando yake neno moja linalotuliza shaka zote: kirutubisho. Makala haya yanadhamiria kuuliza kilichomo ndani ya nyumba hiyo, na sababu ya jina lililoandikwa mlangoni kutolingana nacho.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba hatari kuu kwa kijana anayetaka kupunguza shahamu mwilini haitokani na kutumia poda ya mazoezi kwa jumla. Inatokana na kuchanganya vitu vinavyoitwa kwa majina tofauti ilhali vinafanya kazi ile ile mwilini. Anayechanganya huhesabu vitu vitatu au vinne visivyohusiana. Moyo wake huhesabu kitu kimoja kilichorudiwa mara tatu au nne. Kwa sababu chanzo cha upotovu huu ni majina, wasomi wa lugha hawawezi kuwaachia madaktari peke yao jukumu la kuurekebisha.

Ifaa kuanza na neno lenyewe. Kirutubisho ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi rutubisha, nacho kina asili katika rutuba, ule ubora wa ardhi unaoiwezesha kuotesha mimea. Kirutubisho, basi, ni kile kinachotia rutuba. Hulisha, hujenga na hukuza. Kwa maana hiyo, baadhi ya bidhaa za wafanya mazoezi zinalistahili jina hilo pasi na ubishi. Protini inayotokana na maziwa ni chakula kilichokaushwa tu. Kreatini, ambayo mwili hujitengenezea na ambayo pia hupatikana katika nyama na samaki, imetafitiwa kwa miaka mingi na imeonekana kuwa salama kwa mtu mzima mwenye afya akiitumia kwa kipimo cha gramu 3 hadi 5 kwa siku. Vitu hivi ni kuni zinazoongezwa mekoni.

Lakini katika rafu iyo hiyo na chini ya jina lilo hilo huuzwa fungu la pili: kafeini, efedrini, sinefrini, yohimbini na jamaa zao. Hivi havilishi wala havijengi chochote. Kazi yake ni kuuamuru mwili utumie kwa kasi kile ulichonacho tayari. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili huviita vichangamshi, nalo jina hili lina kasoro yake. Kitenzi changamka huashiria furaha na bashasha. Mtoto mchangamfu hupendwa, na mwenyeji mchangamfu husifiwa na wageni. Moyo unaodunda mbio kifuani mwa mtu aliyeketi haujachangamka. Umechochewa. Kiswahili kina kitenzi chochea, ambacho maana yake ya msingi ni kusukuma kuni na kuuvuruga moto ili uwake zaidi. Anayechochea haongezi hata ukuni mmoja. Anaharakisha tu kuungua kwa zile zilizopo. Kwa sababu hiyo, neno kichocheo linaueleza ukweli wa kisayansi kwa uaminifu mkubwa zaidi, na ndilo litakalotumika katika makala haya.

Ukweli huo wa kisayansi ni upi? Kafeini hufanya kazi yake kwa kuzuia adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri mtu anavyokaa macho na ambayo huujulisha mwili kwamba umechoka. Kafeini haiondoi uchovu. Huuziba ubongo masikio usisikie habari za uchovu. Efedrini, ambayo kwa muda mrefu ilitumiwa na madaktari kutibu pumu, huiga kazi ya adrenalini na kuufanya mwili utoe noradrenalini kwa wingi. Mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda, mishipa midogo ya ngozi hubana na joto la mwili huzidi. Vitu hivi viwili vinapokutana, kafeini hudhoofisha njia ambazo mwili huzitumia kuituliza athari ya efedrini. Ni sawa na matatu iliyo mteremkoni ambamo dereva amekanyaga mafuta huku utingo akilegeza breki. Wengine huongeza aspirini kuwa kitu cha tatu, wakiamini kwamba huurefusha mwendo huo, na kusahau kwamba aspirini huzuia damu kuganda na huweza kusababisha uvujaji wa damu tumboni.

Isitoshe, mazoezi yenyewe huzalisha joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho na kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Kichocheo kinachobana mishipa ya ngozi hufunga dirisha wakati ule ule moto unapozidi kuwaka ndani. Kijana asiyekula ili apungue, asiyekunywa maji ya kutosha, na ambaye uchovu wake umefichwa na kafeini, hana tena kengele ya kumwonya kwamba amefika ukingoni.

Hayo si mambo ya kubuni. Mnamo Februari 2003, Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa timu ya Baltimore Orioles nchini Marekani, alianguka mazoezini katika jimbo la Florida na kufariki siku iliyofuata. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alifika kambini akiwa mnene kupita kiasi, alikuwa akijinyima chakula ili apungue, na alikuwa akitumia vidonge vyenye efedra, mmea ambao ndio chimbuko la efedrini. Daktari mchunguzi wa maiti alieleza kuwa Bechler aliuawa na joto lililozidi mwilini, na kwamba efedra ilichangia pamoja na unene wake, shinikizo la damu lililokuwa limeanza kupanda na kutozoea hali ya hewa ya Florida. Hakuna jambo moja lililomwua. Mchanganyiko ndio uliomwua. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza nia ya kupiga marufuku virutubisho vyote vyenye efedra, na marufuku hiyo ikaanza kutekelezwa Aprili 2004.

Msomaji wa lugha ataona ajabu moja katika kisa hiki. Efedrini ilipokuwa kwenye kidonge cha pumu iliitwa dawa, ikadhibitiwa na kuandikiwa tahadhari. Ilipowekwa kwenye kidonge cha kupunguza unene iliitwa kirutubisho, na kwa sheria ya Marekani ya mwaka wa 1994 inayohusu virutubisho, mtengenezaji hakulazimika kuithibitishia serikali usalama wa bidhaa yake kabla ya kuiuza. Kemikali ilikuwa ile ile na kifua kilichodunda kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nomino.

Baada ya marufuku hiyo, wafanyabiashara hawakuacha kuchochea moto. Walitafuta majina mapya. Mahali pa efedra palichukuliwa na sinefrini, inayopatikana katika madanzi, na bidhaa hiyo ikatangazwa kuwa ni matunda tu. Halafu ikaja kemikali iitwayo kwa kifupi DMAA. Hii ilikuwa imesajiliwa na kampuni ya Marekani ya Eli Lilly katika miaka ya 1940 kama dawa ya kuzibua pua, kisha ikasahaulika. Iliporudi sokoni katika miaka ya 2000, baadhi ya lebo ziliieleza kuwa ni zao la ua la jerania, kana kwamba mnunuzi alikuwa akinunua chai ya maua. Mnamo Aprili 2012 mwanamke mwenye umri wa miaka 30 alianguka katika mbio za marathoni za London akiwa amebakisha mwendo mfupi kumaliza, akafariki. Uchunguzi uliofanywa mwaka uliofuata ulibaini kwamba DMAA, iliyokuwa katika poda aliyokoroga kwenye chupa yake ya maji, ilichangia kusimama kwa moyo wake pamoja na juhudi kubwa ya mbio zenyewe. Hakuwa mraibu wala mhalifu. Alikunywa kitu ambacho kilikuwa kikiuzwa waziwazi madukani.

Huenda msomaji akajitetea kwamba yeye hatumii efedra wala DMAA. Mintarafu ya utetezi huo, yafaa kuchunguza kafeini, ambayo ni halali kila mahali. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hatarajiwi kudhurika kwa miligramu 400 za kafeini kwa siku, au 200 kwa mkupuo mmoja. Tuseme mwanafunzi anayetaka kupunguza kitambi ameze asubuhi vidonge viwili vya kuchoma mafuta vyenye jumla ya miligramu 200. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kuingia jimu, akoroge kipimo kimoja cha poda ya mazoezi chenye miligramu 300. Mikebe yenye kiwango hicho si adimu. Usiku, kwa kuwa kuna mtihani, anywe kopo la nusu lita la kinywaji cha kuongeza nguvu, ambalo kwa kawaida huwa na takriban miligramu 160. Jumla ni miligramu 660. Yeye husema kwamba alitumia kidonge, poda na soda. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimefurika bila mwenyewe kujua.

Tena huenda hesabu hiyo ikawa ndogo kuliko ilivyo hasa. Lebo nyingi hutaja kafeini mahali pamoja, kisha chini yake zikataja mbegu za guarana, majani ya mate, kola na dondoo la chai ya kijani. Majina haya yana mvuto wa misitu na mashamba. Ukweli ni kwamba yote hubeba kafeini. Guarana ni mmea wa Brazili ambao mbegu zake zina kafeini nyingi kuliko buni. Vilevile, baadhi ya watengenezaji huficha vipimo kwa kuandika uzito wa mchanganyiko mzima bila kutenganisha kila kiambato. Msomaji wa lebo ya namna hiyo ni kama mtu aliyepewa shairi lililofutwa vina na mizani kisha akaambiwa alighani.

Anayenunua kafeini tupu ya unga huwa katika hatari kubwa zaidi. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na takriban vikombe 28 vya kahawa. Mnamo Januari 2021 huko Wales, mkufunzi wa mazoezi mwenye umri wa miaka 29 alifariki baada ya kupima unga huo kwa mizani isiyoweza kupima uzito mdogo kama ulioagizwa kwenye maelezo. Huyu alikuwa mtu wa fani hiyo, na alikusudia kufuata maagizo. Kati ya kipimo cha kuamsha na kipimo cha kuua palikuwa na tofauti ya gramu chache tu.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Wanaotetea michanganyiko hii husema kwamba inafanya kazi, nao hawasemi uongo mtupu. Nchini Denmark, watafiti walichapisha mwaka wa 1992 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 180 wanene, ambalo liliendelea kwa majuma 24. Wote walipewa lishe yenye takriban kalori 1,000 kwa siku. Waliopewa efedrini pamoja na kafeini walipungua kwa wastani wa kilo 16.6, waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote walipungua kwa kilo 13.2. Tofauti ipo, na ni kilo 3.4. Lakini atazamaye kwa makini ataona kwamba takriban asilimia 80 ya upungufu huo ulipatikana hata pasipo dawa, kwa lishe peke yake. Tena washiriki hao walisimamiwa na madaktari. Hawakuwa wakijipimia kwa kijiko bwenini. Hata hivyo, dawa ya mchanganyiko huo iliyokuwa ikiuzwa Denmark iliondolewa sokoni mwaka wa 2002 kwa sababu za kiusalama. Uchambuzi mpana wa tafiti, uliochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ulikadiria faida ya efedra na efedrini kuwa takriban kilo 0.9 kwa mwezi. Kwa upande wa madhara, ulibaini kwamba uwezekano wa kupatwa na matatizo ya akili, ya tumbo na ya mapigo ya moyo uliongezeka kwa kati ya mara 2.2 na 3.6.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa na wauzaji, nayo ni usingizi. Nusu ya kafeini aliyoinywa mtu mzima hubaki mwilini kwa takriban saa tano. Aliyekoroga poda saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado ana nusu yake inayomzuia kulala. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio dogo lililohusisha watu 10 wanene waliokuwa wakipunguza chakula. Kwa majuma mawili walilala kitandani saa 8.5 kwa usiku, na kwa mengine mawili saa 5.5, huku chakula kikiwa kiasi kile kile. Uzito uliopungua ulikaribiana. Lakini walipolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za shahamu; walipopunguziwa usingizi walipoteza kilo 0.6 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na tishu zisizo shahamu, misuli ikiwemo. Jaribio hilo lilikuwa dogo, lakini funzo lake ni zito. Kijana anayejinyima usingizi kwa kichocheo ili apunguze kitambi huenda akayeyusha misuli ile ile anayoihangaikia.

Hata msemo wenyewe wa kuchoma mafuta unahitaji kuhojiwa. Unamjengea mtu picha ya kikaango na moto, naye akihisi joto kali na jasho jingi hudhani kwamba mafuta yanayeyuka. Hesabu ya kikemia iliyochapishwa mwaka wa 2014 ilionyesha kwamba mtu akipoteza kilo 10 za shahamu, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 zilizobaki huwa maji. Shahamu huondoka polepole kwa pumzi, mchana na usiku, almuradi chakula kiwe pungufu ya matumizi. Joto linalopandishwa na poda ni ushahidi wa kichocheo kilichomezwa tu.

Inadhihirika kwamba jamii ya Afrika Mashariki haikuvijua vichocheo kwa mara ya kwanza kupitia mikebe ya kigeni. Miraa ya Meru na muguka wa Embu hubeba kathinoni na kathini, kemikali zilizo za ukoo mmoja na efedrini. Watafunaji wanajua fika kwamba miraa huondoa njaa na usingizi, na wana hata neno la hali inayowapata, yaani handasi. Wanajua pia kwamba handasi ikiisha huacha unyong'onyevu. Tafiti zilizofanywa Yemen zimehusisha utafunaji huo na mshtuko wa moyo. Hapana ajabu basi kwamba kijana anayetafuna miraa usiku ili asome, kisha akameza vidonge vya kupunguza unene alfajiri, amechochea moto mmoja kwa vijiti viwili. Cha kusikitisha ni kwamba lugha aliyo nayo haimsaidii kuuona uhusiano huo. Kimoja anakiita miraa, cha pili anakiita kirutubisho.

Vyombo vya habari navyo havijasalimika. Katika taarifa za michezo, dawa zote zilizopigwa marufuku hubandikwa jina la dawa za kusisimua misuli, au za kututumua misuli. Jina hili hutumiwa hata kwa dawa zinazoongeza chembechembe za damu, ambazo hazisisimui msuli wowote. Athari yake ni kwamba msikilizaji hudhani hatari inawahusu wanariadha wa kulipwa na wanyanyua uzani wenye mikono minene. Mwanafunzi mwembamba anayetaka kupunguza kilo nne hajioni katika jina hilo. Laiti angekumbushwa kwamba moyo nao ni msuli, na kwamba huo ndio unaosisimuliwa kwanza.

Wapo watakaouliza kama si haki ya mtu mzima kujiamulia aingize nini mwilini mwake. Ni haki yake. Lakini uamuzi hauwi huru iwapo mwamuzi amefichwa anachokiamulia. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, tahadhari kuhusu kitu kinachoweza kuusimamisha moyo haifai kuandikwa kwa Kiingereza cha maabara pekee, kwa herufi ndogo mfano wa mchanga. Yamkini mwingine atasema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anakielewa Kiingereza. Utetezi huo ni dhaifu. Mwanamke wa London alikielewa Kiingereza tangu utotoni, na jina la kibiashara likamficha yaliyomo. Tafsiri peke yake haitoshi. Anayetafsiri maficho neno kwa neno hueneza maficho. Kinachotakiwa ni istilahi inayofichua.

Katika kazi hii vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina nafasi ambayo hakuna mwingine anayeijaza. Kwanza, yafaa idara za Kiswahili zikae pamoja na idara za famasia na lishe, zikubaliane juu ya msamiati mfupi unaotenganisha kirutubisho na kichocheo, na unaoyaweka majina yote ya kafeini chini ya neno moja. Orodha ya maneno 30 yanayotumika ina faida kuliko kamusi nzima inayolala maktabani. Pili, msamiati huo ubandikwe ukutani katika jimu na katika zahanati za vyuo, ukiambatana na hesabu ya miligramu anayoweza kuifanya mtu yeyote. Tatu, lugha ya lebo na matangazo haya ni uwanja mpana wa utafiti wa semantiki na pragmatiki, na tasnifu kadhaa zingeweza kuandikwa juu yake badala ya kurudia mada zilizochakaa. Nne, Shirika la Viwango na Bodi ya Famasia na Sumu zishinikizwe ili kila bidhaa ya aina hii itaje kwa Kiswahili jumla ya vichocheo vilivyomo, si majina ya mimea pekee.

Kabla ya hayo kutimia, kijana aliyekwisha kuchanganya anastahili kuelezwa waziwazi dalili za hatari. Moyo ukienda mbio au kurukaruka hata baada ya kupumzika, kifua kikibana, macho yakiingia kiza, fahamu zikivurugika, au mwili ukiwaka joto, basi mazoezi yakomeshwe pale pale na mgonjwa apelekwe hospitalini bila kungoja kupambazuke. Mkebe na chupa alivyotumia vibebwe pia, kwa sababu daktari hawezi kutibu jina asilolijua. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au mimba, na anayetumia dawa za sonona au za pumu, ajitenge kabisa na michanganyiko hii hadi azungumze na daktari. Vilevile mkufunzi wa jimu asikubaliwe kugeuka mwandika dawa, hata awe na mabega mapana kiasi gani.

Kupungua kwa njia salama hakuna siri. Chakula kipunguzwe kwa kiasi, protini isikosekane, mazoezi yafanywe kwa uthabiti, usingizi uheshimiwe, na miezi ihesabiwe badala ya siku. Njia hii haina tangazo kwa sababu haina mkebe wa kuuza. Kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na chema chajiuza. Hata hivyo, chema hakiwezi kujiuza sokoni ambako kibaya kimepewa jina lake. Kulirudisha jina la kirutubisho kwa wenyewe, na kukiita kichocheo kichocheo, ni kazi ya wana-Kiswahili, na haifai kusubiri hadi lijulikane jina la mwanafunzi wa kwanza wa humu nchini atakayeanguka.